Mama aliyetugeuzia mgongo

Jana nilikuwa niangalie picha moja tu nilale, mara saa nane usiku niko bado kwenye tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, nakuza picha ya mama anasugua vyombo. Sura yake huioni kabisa, katugeuzia mgongo, unachoona ni mikunjo ya nguo na vyombo vimemzunguka vinasubiri zamu.

Aliyeichonga, kwenye bamba la shaba ili ichapwe karatasini, ni Geertruydt Roghman wa Amsterdam, karne ya 17. Baba yake alikuwa mchonga picha na mdogo wake Roelant mchoraji, kwa hiyo ufundi kaukuta nyumbani. Alitoa seti ya picha tano za wanawake kazini: kushona, kukunja kitambaa marinda, kusokota uzi, kupika, na huyu wangu wa vyombo. Na michoro ni ya kwake mwenyewe, wakati wachongaji kibao enzi hizo kazi yao ilikuwa kunakili michoro ya wengine.

Sasa linganisha. Mholanzi mwenzake Lucas van Leyden alichonga binti mkamuaji maziwa mwaka 1510, lakini kuna kijana kasimama naye hapo na wasomi wengi wanasema humo kuna utani wa mapenzi. Rembrandt, mchoraji mwingine wa Kiholanzi, naye 1635 kamtoa bibi anakaanga chapati za maji, naipenda sana ile, ila jicho langu kila mara linakimbilia kwa katoto kanakogombania chapati na mbwa, bibi namsahau. Kwa Geertruydt hakuna kijana wala mbwa, kuna kazi tu.

Halafu fikiria ilivyotengenezwa, bamba la shaba, kijichuma chenye ncha kali, kila kivuli kwenye ile nguo ni mistari iliyochimbwa mmoja mmoja na ukikosea kufuta ni shughuli pevu, ndipo upake wino, uufute juu ubaki kwenye mifereji tu, ukandamize karatasi, na picha itoke imegeuka kushoto kulia. Yaani mwanamke anayesugua chuma katokana na mwanamke anayekwangua shaba, hilo ndo limeninyima usingizi.

Wapo wanaosema usafi kwenye picha za Waholanzi ni fumbo la roho safi. Sawa, huenda. Mi nimemwangalia lisaa lizima na naona mtu ambaye masufuria hayajamwishia.