Jamaa wa kwenye matete

Juzi umeme ulikatika huku Kirumba, Mwanza, toka saa moja jioni, simu ilikuwa na chaji asilimia 60, nikamwambia mjomba njoo tuangalie movi niliyodaunilodi. Ya kizamani, haina rangi, I Am a Fugitive from a Chain Gang ya mwaka 1932, steringi Paul Muni. Mjomba Kiingereza hapandi kwa hiyo mi ndo nikawa DJ, natafsiri huku movi inaenda.

Jamaa anaitwa James Allen, katoka vita kuu ya kwanza, kiwandani hataki tena, anataka kujenga madaraja, basi akazunguka kusaka kazi mpaka akachacha kabisa, akaenda kuweka rehani medali yake ya vita na mwenye duka wala hakubishana nae, kamuonesha tu boksi limejaa medali za wenzake. Aisee. Baadae njaa inamkaba, jamaa mmoja anamwambia twende tukaombe hamburger, kumbe mwenzie kaja na bastola. Mwenye bastola akapigwa risasi na polisi, Allen akala miaka 10 kazi ngumu, kisa dola 5.

Huko minyororo miguuni hata ukilala, unaponda mawe juani, na jasho hufuti mpaka upaze sauti umuombe ruhusa askari. Hapo mjomba akasonya.

Ubishi sasa. Mfungwa mwenzie akamgongea pingu kwa nyundo zikapinda, mguu ukapita, akala kona, mbwa nyuma, akazama mtoni anapumulia tete. Mjomba akasema simamisha hapo. "Tete lina vifundo, we mtoto wa ziwani hujui? Kila kifundo ndani kimeziba, hilo kalitoboa saa ngapi na mbwa hao?" Nikamwambia mjomba kisa cha kweli hiki, kaandika mfungwa mwenyewe, Robert Burns, alitoroka jela ya Georgia, Marekani, mara 2. "Kutoroka katoroka, ila sio kwa tete."

Tukaendelea. Allen akawa injinia wa madaraja Chicago, mke akamchoma kwa polisi, wakamuahidi akirudi jela atakaa siku 90 tu, akarudi mwenyewe, wakamgeuka. Akatoroka tena na lori, na safari hii analipua daraja kwa baruti, yeye aliyekuwa anayajenga.

Mwisho mchumba wake anamuuliza unaishije, anajibu akiwa gizani kwamba anaiba, kwisha. Umeme bado. Mjomba kimyaaa, nikajua imemuingia.

"Kwa hiyo ile hamburger," akasema, "hata kuionja hakuionja?"