Debe Moja Iliyopotea Daftarini

Nilikuwa darasa la tano, Kongwa, mahindi yameshavunwa na kupukuchuliwa. Shangazi alinipa daftari la ghala akasema, "Mwanangu, ndani kuna magunia matatu na debe moja na nusu. Mnunuzi wa Kibaigwa anachukua gunia moja na debe nne. Niambie linalobaki."

Gunia letu lilikuwa la debe sita. Ningetoa debe kwa debe ningemaliza palepale, lakini nilitaka aone nimesoma. Debe moja na nusu ni robo ya gunia, debe nne ni theluthi mbili. Nikaandika 3¼ − 1⅔.

Asili, zile namba za chini, ni 4 na 3; kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, ni 12. Robo: 12 gawa kwa 4 ni 3, mara kiasi, namba ya juu, 1, unapata 3/12. Theluthi mbili: 12 gawa kwa 3 ni 4, mara 2, unapata 8/12. (Wenzangu wengi walikuwa wakibadili asili na kuacha kiasi kilivyo, robo ikawa 1/12. Hilo halikunishinda.)

Sasa 3 toa 8 haitoki. Nikaazima moja kwenye 3, ikabaki 2, na ile moja nikaipeleka juu ya kiasi kama nilivyozoea kwenye makumi na mamoja: 10 na 3, 13. Toa 8, 5. Jibu, 1 na 5/12.

"Hiyo ni debe ngapi?"

Nikapiga hesabu: gunia moja na debe mbili na nusu.

Shangazi alitazama magunia, akanitazama mimi. "Na debe moja kaiba nani?"

Hakungoja jibu. Alifungua kamba ya gunia moja, akanipa kopo letu la nusu debe, akaniamuru nichote mpaka chini nikihesabu kwa sauti. Nikaishia kumi na mbili. Hapo nikaona nilichofanya. Gunia nililoazima lilikuwa limekatwa vipande 12, mimi nikaandika 10. Vipande viwili vya nusu debe ndiyo ile debe iliyoibwa. Moja ya kuazima hufunguka kwa idadi ya asili: asili ikiwa 12 ni 12/12, ikiwa 5 ni 5/5. Kumi ni ya namba nzima.

Nikarudia: 12 na 3 ni 15, toa 8, 7. Gunia moja na 7/12, yaani gunia moja na debe tatu na nusu. Kuhakiki nikajumlisha nyuma: 7/12 na 8/12 ni 15/12, gunia moja na 3/12, ongeza yale mawili mazima, 3¼ imerudi.

Kumbe nilikuwa na kosa jingine ukurasa wa nyuma, kwenye mtama: nusu gunia na theluthi, nimejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, 2/5. Shangazi hakujua asili wala kiasi, ila alijua nusu peke yake ni debe tatu, na 2/5 haifiki hata debe mbili na nusu. Nikaisahihisha: 3/6 na 2/6, 5/6, debe tano.

Mnunuzi alipofika alikuja na magunia yake, ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo mpaka yawe na kilemba juu. Theluthi mbili ya gunia la namna ile si debe nne, na hakuna kigawe kinachotibu hilo. Shangazi alimrudishia magunia yake, akavuta debe letu, akaanza kumpimia.