Maua ya Harusi ya Khalati

Khalati yangu, mdogo wa mwisho wa mama, aliolewa Februari 1991, Ramadhani ikikaribia, katika kiangazi kikali ambacho mtu alikwenda kisimani akijua kwamba atasubiri. Bibi alikwisha kuapa kwamba harusi ya mwanawe haitanunuliwa kikuba hata kimoja, kile kishada cha maua na majani ya kunukia kinachovaliwa kifuani, sokoni Wete, kisiwani Pemba, ilhali yeye ana mrehani mlangoni kwake. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 11, na kazi niliyopewa ilikuwa ni kumfuata na ungo.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Konde, na ua wa bibi, uliozungushiwa makuti, ulikuwa mdogo lakini umepangwa kwa akili. Kila mmea ulisimama mahali ambapo maji yaliyokwisha tumika yangeufikia: mchaichai ukingoni mwa mfereji wa kuogea, mrehani chini ya dirisha la jiko ambako maji ya kuoshea mchele yalimwagwa, mnanaa kwenye kivuli cha mtungi. Mwasumini ulitambaa juu ya ua, na kivumbasi kilijiotea chenyewe kila penye nafasi, wala hakuna aliyekihangaikia. Nyuma ya jiko palikuwa na mlangilangi ambao bibi aliukatisha kilele ungali mchanga ili matawi yatanuke kwa chini, kwani mti huo ukiachwa hupanda juu mpaka maua yake yanawafaa ndege tu.

Siku moja kabla ya harusi, shangazi zangu walitaka kila kitu kichumwe asubuhi ile ile, ili wapate kushughulikia mapishi. Bibi alikataa. “Nyinyi hamtaki vikuba, mwataka nyasi,” aliwaambia, kisha akanishika mkono tukaenda kwenye mrehani, kwa kuwa huo ndio uliokuwa na saa yake wakati ule: umande umekwisha kukauka na jua halijaanza kuchoma.

Hakutumia kisu. Alikibana kila kijiti kwa kucha ya kidole gumba, juu kidogo ya jozi ya majani, akanionesha vichipukizi viwili vidogo mno vilivyojificha kwenye kwapa za majani yale. Hapo, alisema, patatoka matawi mawili badala ya moja. Kucha yake iligeuka nyeusi kwa utomvu, na harufu ilikuwa kali kiasi cha kunipigisha chafya. Vijiti vilivyokwisha kutoa maua alivipita, kwa sababu jani hupungua harufu mmea unapoanza kushughulika na mbegu, na shina lake huwa gumu halifungiki kwa uzi. Kulikuwa na mche mmoja pembeni, umejaa mashuke, ambao alinikataza hata kuugusa. Shangazi walinung’unika kwamba wageni ni wengi, na rehani ile haitawatosha akina mama wa pande mbili. Bibi alijifanya hasikii.

Mkadi ulifuatwa na kaka zangu karibu na pwani. Hiyo si kazi ya mtoto, maana majani yake yana miiba kingoni na mgongoni, na tena ni mti dume peke yake unaotoa lile ua lenye harufu, lililofunikwa kwa majani marefu meupe. Walirudi na mikwaruzo na maneno mengi. Sisi wasichana tulipelekwa vichakani kutafuta ua la kilua, ambacho pua hukiona kabla ya jicho. Wenzangu wawili walipitia bwawani wakaleta na yungiyungi. Bibi aliyasifu, akayaweka kwenye beseni, na habari yake ikaishia hapo, kwani ua zuri lisilodumu kifuani halina kazi kwenye kikuba.

Asumini zilingojwa mpaka baada ya alasiri. Tulizichuma zingali zimefumba, nyeupe na ngumu kidogo, tukaziacha zile zenye ukijani na zile zilizoanza kufunguka, kisha tukazilaza ndani ya jani la mgomba lililonyunyizwa maji. Baada ya isha akina mama walikaa ukumbini juu ya mkeka, wakakata mkadi vipande vyembamba, wakaushika pamoja na rehani na kilua, wakafunga kwa uzi wa cherehani. Koja la bi harusi lilitungwa na bibi mwenyewe, akipitisha sindano kwenye kikonyo na kamwe si kwenye petali. Asumini zilifunguka mikononi mwetu huku tukizitunga, na nyumba nzima ikabadilika harufu. Hata wanaume waliokuwa barazani walisita kuzungumza. Siku hizi naona vikuba vya maua ya plastiki vilivyopuliziwa manukato ya chupa, na kwa maoni yangu mtu asiyevaa kitu amevaa vizuri zaidi.

Vikuba vililala pungufu, kwani langilangi zilikuwa bado mtini. Bibi aliniamsha baada ya sala ya alfajiri, tukachuma kabla jua halijatoka, wakati harufu yake imekamilika. Tulichagua zilizokwisha kuwa za manjano, zenye wekundu kidogo ndani kwenye shina la petali, tukaacha za kijani. Huko Komoro, ambako mafuta ya langilangi hukamuliwa kwa wingi na kuuzwa ng’ambo, wachumaji hutoka saa hizo hizo. Petali zilichomekwa kwenye vikuba kimoja kimoja, marashi yakanyunyizwa, na kazi ikaisha chai ya mchaichai ilipokuwa inaepuliwa.

Vikuba vilitosha, ingawa vilikuwa vyembamba kuliko walivyotaka shangazi zangu. Wakwe waliotoka Mkoani walivisifu sana, na mmoja wao, mama mtu mzima, akamwomba bibi tawi la mrehani akapande kwake. Bibi alimwambia kuwa tawi halitafika salama kwa joto lile, akaniagiza niende kwenye ule mche wa pembeni nikate mashuke yote yaliyokauka. Aliyapura kwenye kiganja, akapuliza makapi, akazifunga mbegu katika pindo la kanga ya yule mgeni, na kumtaka asizimwage ardhini mpaka mvua za masika zianze.