Beseni la mamangu liliyeyukia kivulini

Mwaka huo tulikuwa tunakaa Kilimani, ghorofa ya nne, balkoni inaangalia mashariki kwa hivyo ikipita saa saba jua limeshavuka paa na huko nje ni kivuli tu mpaka jioni. Ndiyo maana Januari beseni la mamangu lilipopatikana limelegea, ukingo umeinama kama sikio la mbwa, hakuna aliyefikiria jua. Lawama zilimwendea dada wa kazi moja kwa moja, eti ameweka sufuria ya moto hapo, akakana mpaka machozi yakamtoka lakini wapi, mamangu akasema pesa ya beseni itatoka kwa mshahara.

Halafu ikawa jerikani. Hapo ndipo nilianza kushuku, juu zilikuwa mbili za njano zimekaa pamoja (si mnajua maji ya Nairobi, lazima uweke akiba), ile iliyojaa haikuwa na hata alama, ile tupu imebonyea mpaka mkono wake umelala. Sufuria gani hiyo inachagua?

Jumamosi nikatoa kiti nikakaa mlangoni. Kama saa tisa na nusu nikaona mwanga umeingia kutoka ng'ambo, mweupe hadi unaumiza macho, unatembea polepole kwa sakafu, nikaweka mkono nikautoa mbio. Ulikuwa unatoka kwa jengo jipya la ofisi, lile la vioo, upande wake wa mbele umejipinda kwa ndani, sasa vioo vya orofa kadhaa vinatupa jua mahali pamoja. Maji yalikuwa yanameza ule moto, jerikani tupu haina wa kuisaidia. Kumbe hata London, 2013, jengo la 20 Fenchurch Street liliyeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililokuwa limepakiwa tu barabarani!

Meneja wa hilo jengo akatuambia ataomba wapangaji wafunge pazia. Pazia! Jua linarudishwa na kioo chenyewe kabla halijafika kwa pazia bana, cha kusaidia ni kitu cha nje ya kioo, neti ama vibao vya kukata mwanga kama walivyoweka wale wa London baadaye. Machi mwanga ukapotea, akapiga simu kusema mambo yameisha. Nikamwambia jua limehamia kaskazini tu, Novemba litakuwa kusini tena na tutaongea.

Hatukumngoja. Tulinunua ile neti nyeusi ya kitalu cha miche, inauzwa kwa mita, fundi akaifunga kwa waya kutoka juu hadi kwa reli, akaacha nafasi upepo upite. Jerikani tupu zikahamia bafuni. Novemba mwanga ulikuja kweli, ukaishia kwa neti.

Dada alikuwa amesharudishiwa pesa zake tangu ile Jumamosi, na akaitisha ya soda juu yake. Mamangu alitoa bila neno.