Umewaacha na nani

Saa sita usiku hii na mi bado nazungushwa na maneno ya mtoto wa miaka saba. Wiki hii binamu yangu ameolewa, mkataba wangu kazini umeongezwa mwaka mzima (mlioniombea nawashukuru wallahi), na lile dari la bafuni limeanguka kama nilivyowaambia litaanguka, lakini nikifumba macho niko palepale kwenye ngazi na yule mtoto wa jirani wa chini ananiangalia, mdomo mwekundu wa mabuyu.

Mambo yenyewe ni ya paka.

Jumatatu natoka kazini, rasharasha imeanza, nikasimama kwa mama karanga, yule mkaanga samaki wa pale kona, ninunue kibua. Paka wa rangi tatu akaja akaanza kujisugua miguuni kwangu, mwembamba, mbavu waweza kuzihesabu. Siku hiyo yenyewe sikuwa sawa, nilikuwa nimetoka kupiga simu Malindi na kijana wangu akaniambia mama ntakupigia, naangalia katuni. Ntakupigia! Hata simu hana. Basi nkamtazama yule paka naye akanitazama, na kabla sijafikiri nshamtia kwenye kikapu juu ya samaki, akanikwaruza mkono wa kushoto mpaka damu, nkafunika na leso tukaenda zetu nyumbani Kibokoni, hapa Mji wa Kale Mombasa. Mama karanga aliita kitu nyuma yangu. Nilidhani ni chenji, nkampungia mkono, abaki nayo.

Nyumbani nkamfungia kile chumba cha kuwekea vitu, nkampa maziwa ya paketi bakuli zima, nkampiga picha nkaweka status, "Nimeokota mrembo", na vile vimoyo viliingia wacha tu. Najiona nimefanya thawabu kubwa. Usiku akalia. Si kulia kwa njaa, kwa sababu kibua alikula na maziwa alimaliza, ni kule kulia kwa kuvuta, na kucha mlangoni krr krr mpaka adhana ya alfajiri. Mwishowe nkamwambia kupitia tundu la ufunguo, we paka huna shukrani. Asubuhi chumba kizima ameharisha, nkasafisha, nkampa maziwa tena (ndiyo, tena, msiniseme), nkafunga mlango nkaenda kazini. Babake kijana aliporudi shifti ya usiku bandarini alinitumia ujumbe mmoja tu, "Mgeni wako halali na mimi silali."

Sasa hapo ngazini. Jumanne kama saa kumi na moja na nusu jioni, nimebeba mkate, yule mtoto katoka chuoni (madrasa), juzuu kwapani, anatafuna mabuyu.

"Anti, mbona Sukari yuwalia ndani kwako?"

Nkamwambia Sukari gani, huyu ni paka wa njiani, hana kwao, mi nimemuokota.

"Ana kwao." Akatema kokwa. "Na watoto wake umewaacha na nani?"

Ndo hivyo. Hakupandisha sauti, hakuwa na ubaya, aliuliza kama mtu anavyouliza mkate wa bei gani. Mnaonisoma tangu mwaka jana mnajua kijana wangu yuko kwa nyanyake wiki nzima na kwa nini, kwa hivyo sielezi. Lakini nilisimama pale na mkate wangu nkahisi uso unapata moto. Na mpaka leo silijui jambo moja: labda alisema "wako na nani", watoto wako na nani, swali la kawaida la paka, na mi ndo niliyesikia "umewaacha". Nimelipima kila namna. Jana ofisini najaza fomu za kontena nkajikuta nasema kwa sauti wako na nani, umewaacha na nani, mpaka mwenzangu akaniuliza kina nani.

Nkamuuliza yule mtoto, watoto wapi? Akanitazama vile mamamkwe huniangalia nikitia sukari kwenye maharagwe. "Mfungulie tu, yeye yuajua."

Nkafungua. Paka alitoka kama mshale, ngazi zote, kichochoro, akapita mbele ya mzee wa kahawa na sisi nyuma yake mimi na buibui yangu na mtoto na juzuu yake, mpaka ile nyumba ya urithi inayogombaniwa, ile ya dirisha bovu. Akaingia dirishani. Mzee wa kahawa akasema, "Mrembo amerudi? Tangu jana namtafuta." Mrembo! Kwa hivyo kwa mzee ni Mrembo, kwa mtoto ni Sukari, na mama karanga nilikuja kujua humwita Malkia na humwekea vichwa vya samaki kila jioni, na kumbe Jumatatu aliponiita hakuwa na habari ya chenji, alikuwa ananiambia huyo ana watoto. Mtaa mzima unajua. Mi nimekaa hapa miaka minne nikipita na vitu vyangu masikioni.

Kijana mmoja akaruka dirishani na tochi ya simu. Watatu, ndani ya godoro lililopasuka, macho ndo kwanza yanafunguka. Wawili wanalia, wa tatu kimya na baridi kama kigae. Nkampigia daktari wa wanyama niliyepewa namba yake na shemeji, yuko Kisauni kwenye mbuzi, hao mbuzi nao wanapiga kelele kuliko mimi. Nikasema nimpe maziwa? Akasema usithubutu, mtoto wa paka akiwa baridi hameng'enyi kitu, kwanza apate joto polepole, na maziwa ya ng'ombe usimpe yeye wala mamake, ndo maana ameharisha. Basi nkajaza chupa ya soda maji ya vuguvugu, nkaizungushia leso, nkamlaza hapo kifuani kwangu ndani ya buibui, nimekaa barazani kwa mzee wa kahawa kama mwehu. Maghrib ikaadhiniwa, watu wakaenda wakaswali wakarudi. Karibu na isha akaanza kutikisika, halafu akafungua kamdomo. Tukamrudisha kwa mamake akatafuta ziwa akalishika. Mzee alinipa kikombe cha kahawa bure, na yule hatoi bure.

Daktari alinipigia baadaye kunimalizia, na yeye hana haraka ya kumwonea mtu haya. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, hilo la kwanza. Paka jike ukimuokota mpindue tumbo kabla ya kumtia kikapuni, ziwa limejitokeza na manyoya ya pembeni yamelala au yametoka, basi ananyonyesha, muache alipo au umfuate akupeleke kwa watoto. Kama hujui ana mwenyewe, mfunge kikaratasi shingoni, kilegee kikatike kikinasa mahali, uandike huyu paka ni wa nani na namba yako, umwachie aende, kesho utajibiwa. Karatasi tu! Nusu ukurasa wa daftari ungeniokoa haya yote. Akaniambia pia huyo ataweza kushika mimba nyingine hata ananyonyesha, na mimba ya paka ni kama siku 63 tu, kwa hivyo watoto wakishaachishwa, wiki ya nane hivi, nimpelekee amfunge kizazi la sivyo mtaa utakuwa wote ni wajukuu wake.

Halafu akauliza, amekukwaruza? Nkasema kidogo. Amekung'ata? Nkasema sikumbuki, alikuwa kikapuni, mkono ulikuwa ndani. Akanyamaza (mbuzi hawakunyamaza) akasema ulitakiwa kuosha na sabuni chini ya maji yanayotiririka robo saa nzima hapohapo, sasa osha na kesho asubuhi hospitali. Mamamkwe alikuwa anataka kunipaka manjano. Babake kijana alicheka, ati kichaa cha mbwa kwa paka? Lakini paka naye hukipata na akakupa, na kikishaanza kuonekana kwa mtu hakuna dawa ya kumrudisha, kwa hivyo nilienda nkadungwa, leo asubuhi nimedungwa ya pili, zimebaki nyingine, mkono mzito kama nimebeba mtungi.

Na sasa kioja. Jana usiku nimeacha mlango wazi kwa sababu ya joto (haya, na kwa sababu nyingine), nasikia kitu kinapanda ngazi. Sukari, mtoto mdomoni. Akapita mbele yangu bila salamu, akaingia chumba kilekile alichokilia usiku mzima atolewe, akamtia kwenye sanduku langu lililo wazi, juu ya doti za leso nilizotunzwa harusini hata sijazikata. Akashuka. Akaleta wa pili. Akashuka. Wa tatu ndo yule wangu wa kifuani, namjua kwa doa jeusi puani. Nililia kidogo, halafu nkacheka, halafu nkakumbuka bei ya zile leso.

Mtoto wa chini alikuja leo kuwahesabu. Nkamkalisha nkampa kaimati nne, na swali lilikuwa liko hapa kooni, we siku ile ulisema nini hasa, wako au umewaacha? Sikuuliza. Alilamba shira vidole vyote, akasema huyu wa doa ni wangu, akaondoka. Kesho nashika matatu ya asubuhi ya Malindi, nshamwambia nyanyake asimwambie kijana, atajua akiniona mlangoni.

Kinachonitia wasiwasi sasa hivi ni kaka yangu. Meli yao ilikuwa iingie Salalah, kule Oman, jana, na akifika bandarini jambo la kwanza hutuma ile picha yake ya kijinga ya kidole gumba. Simu inaita mara moja inakatika. Baharini mtandao hakuna, najua, lakini bandarini upo.