Maji magumu ya Tororo, tanki ndogo, na sikilidi niliowachagua

Ukitaka kufuga sikilidi, yaani samaki wa jamii moja na sato, ila hawa ni wa kufuga kwa urembo, kwa tanki ndogo yenye mimea, anza na maji yako, usianze na picha ya samaki. Nasema hivi juu wengi huku kwetu wanaona samaki wa rangi kwa duka Kampala, wananunua, alafu ndo wanaanza kuhangaika na maji, na pesa inaisha na samaki wanaisha.

Mimi niko Tororo, mashariki mwa Uganda. Chini ya huu mji kuna mawe ya chokaa mengi, ndo maana kiwanda cha simenti kipo hapa tangu miaka ya 1950, na maji ya kisima cha pampu tunayochota yanapita kwa hayo mawe kabla hayajafika kwa jerikeni. Sabuni haitoi povu vizuri, birika linabaki na ukoko mweupe ndani. Nikapima na zile dawa za matone: ugumu digrii 15, pH (kile kipimo cha asidi, 7 ndo katikati, chini yake ni asidi) 8 na kidogo. Digrii moja ni kama miligramu 18 za chokaa kwa lita, kwa hivyo hapo tuko juu ya 260, wakati kwa vipimo vinavyotumika sana ukipita 180 tu tayari yanaitwa magumu sana.

Ndio, unaweza kuyalainisha ukichanganya na ya mvua. Lakini kiangazi cha Januari mabati hayatoi kitu, na sikutaka samaki ambao uhai wao unategemea mawingu. Nikaamua natafuta samaki wa maji haya haya.

Tanki alinitengenezea fundi wa vioo na madirisha, sentimita 60 kwa 30 kwa 35 kwenda juu, ukiweka mchanga na mawe unabaki na lita 50 hivi. Hiyo saizi ndo iliondoa wengi kwa orodha. Oska, toka, anafika sentimita 30. Wale wa njano wa Ziwa Malawi wanaitwa Labidochromis caeruleus, wazuri sana na maji magumu ndo yao, lakini wanafika kama sentimita 10 na wanataka nafasi ya kukimbizana, na wenzao wa mawe ya ziwa hilo, wanaitwa mbuna, wengine wanatafuna majani. Ramirezi ndo alinivuta roho kwa rangi, ila huyo kwao ni mito ya Orinoco, Amerika Kusini, maji laini yenye asidi, kumleta Tororo ni kumtesa. Kribensisi wa Nigeria na Kamerun anavumilia ugumu wa wastani na mimea haili, huyo nilimweka pembeni kama mpango wa pili.

Wakabaki wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya maganda ya konokono. Ziwa lile pH yake inakaribia 9, maji magumu yenye chumvichumvi, yaani maji yangu kwao ni kama nyumbani. Kuna Lamprologus ocellatus, huyo ana hasira, tanki kama yangu inabeba jozi moja tu. Na kuna Neolamprologus multifasciatus, dume anafika sentimita 4 na nusu hivi, jike mdogo zaidi, ni kati ya sikilidi wadogo kabisa duniani, na wanaishi kama ukoo: kila mmoja ana ganda lake, watoto wanakulia pale pale kwa wazazi. Nikasema hao hapo.

Jamaa mmoja wa Entebbe anawazalisha. Nilipompigia swali lake la kwanza halikuwa pesa, aliuliza, "Mwalimu, maji yako yakoje?" Nikamtajia vipimo. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kaka, mimi maji yangu ni ya ziwa, laini, kila nikibadilisha lazima niongeze chokaa. Wewe unayo bure kwa bomba." Nikajua niko sawa. Samaki sita wakaja na basi, ndani ya mfuko wenye hewa, mfuko ndani ya boksi, zaidi ya kilomita 200, na nikawazoesha maji yangu polepole kwa mpira mwembamba unaodondosha tone tone, hapo haraka hapafai kabisa.

Ila kabla hawajaja tanki ilishakaa wiki nyingi ikifanya kazi na chujio la sponji, nikipima amonia, ile sumu inayotoka kwa uchafu wa samaki na vinavyooza, mpaka ikawa sifuri. Hii ni lazima kwa wenye maji kama yangu, manake pH ikiwa juu amonia inageuka sumu kali zaidi, kiasi ambacho kwa maji ya asidi samaki wangevumilia huku kinaua.

Sasa mimea. Hawa samaki ni wachimbaji bana, usiku kucha wanahamisha mchanga, mmea wenye mizizi michanga unaelea asubuhi. Nilichofanya: Anubias nikaifunga kwa uzi juu ya mawe, haihitaji mchanga. Vallisneria, ile yenye majani marefu, nikaipanda pembe ya nyuma na kuizungushia mawe, na hii inapenda maji magumu juu inaweza kuchukua kaboni kutoka kwa bikaboneti, chumvi iliyomo kwa maji ya chokaa, mimea mingi haiwezi. Ya juu ni Ceratophyllum, haina mizizi, imejaa kwa maziwa yetu. Ukiichota kwa kinamasi kumbuka kichocho: usiingie majini bila buti na glavu, na konokono wote wadogo uwatoe kabla haijafika kwa tanki.

Maganda nilipata kwa mashamba ya mpunga, ya konokono wakubwa waliokufa na kukauka, nikayachemsha vizuri. Weka mengi kuliko samaki. Mchanga laini, kina cha vidole vitatu vinne, watafukia kila ganda wanavyotaka wao, usiwapangie.

Kitu kingine muhimu: maji yakipungua kwa joto, chokaa inabaki, kwa hivyo ukijazia na ya kisima ugumu unapanda kila wiki. Mimi nikijazia natumia ya mvua, dumu moja nalihifadhi linatosha hata kiangazi, nikibadilisha maji kabisa ndo natumia ya kisima. Ugumu umekaa pale pale.

Wamezaa. Unaona kitu kidogo kinachungulia mdomoni mwa ganda, nafurahi kila mara. Jirani anauliza watakuwa lini wakubwa wa kuliwa, namwambia hawa ndo wakubwa.

Walioko Kampala, Jinja na kwingine wanaotumia maji ya ziwa, nyie mtazame kribensisi kwanza, hawa wangu watawapa kazi ya chokaa kila wiki. Na kuna wa kwetu pia, Pseudocrenilabrus multicolor, nkejje (ndo tunavyoita sikilidi wadogo wa huku) wa matete ya mto Mpologoma, mama anabeba mayai mdomoni. Huyo siwezi kumchanganya na hawa, atapata tanki yake, fundi nishampa vipimo.