Rafu ya kayaki imesimama

Leo jioni rafu ya kayaki, ile boti nyembamba ya kupiga kasia, imesimama uani. Mbao ni saipras ya inchi 4 kwa 2 kutoka soko la Gikomba, Nairobi.

Nguzo mbili zimefungwa ukutani, zikiwa na mikono ya sentimita 50 iliyotokeza mbele kubeba. Kayaki hulazwa kwa ubavu. Mtumbwi wa kufudikiza unataka mikono ya 90.

Boliti na washa zake (vile vipete bapa vya chuma), jamani, si misumari! Uzito unavuta mkono chini kila siku, na msumari hung'oka polepole.

Lakini kazi yote iko kwenye nafasi kati ya nguzo. Kayaki ya mita 4, acha mita 2: kila mkono uwe robo ya urefu kutoka ncha.

Ukizisogeza katikati, ncha zinaning'inia. Plastiki ikipigwa na jua la mchana inabonyea, na kuinyoosha ni kazi.

Mikono nimeivisha tyubu kuukuu ya gari. Nyie mnavisha nini?